Ukuta Niliouhesabu Mara Mbili

Nyasho, Musoma
9 Agosti 1993

Kwa kaka yangu mpendwa Kasmiri,

Pokea salamu zangu huko machimboni Nyarugusu. Naomba barua hii ikukute unapumua vizuri, maana tumesikia vumbi la huko linakaba vifua vya watu, na mama kila jioni akimaliza rozari anaongeza Salamu Maria kumi kwa ajili ya kifua chako. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba bado anaingia ziwani, ingawa analalamika kwamba tangu viwanda vya samaki vifunguliwe, magari ya barafu yanasubiri ufukweni na sangara wote wanapanda gari, watu wa Majita tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa mitupu. Mama mguu umepungua kuvimba. Mtoto Getruda anaendelea vizuri, wiki iliyopita alipimwa kilo tatu kasoro kidogo. Mkeo Marieta naye ana nguvu, anakula, anatembea hadi kisimani.

Kaka, barua yako ya tarehe 20 Julai niliipata Jumatatu iliyopita. Niliisomea palepale posta nikiwa nimesimama. Umeandika kwamba umekubali, Mungu alitoa na Mungu ametwaa. Halafu ukanishukuru. Umesema kama si lile jengo alilolichora mdogo wako, ungezika watoto wawili badala ya mmoja, na kwamba umewaambia wenzako wote shimoni kuwa dada yako anajenga nyumba za kuokoa watoto. Nilikaa kwenye ngazi za posta mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepata msiba.

Nakujibu wewe, maana shukrani zako siwezi kukaa nazo. Nimeanza barua hii mara nne na kuichana. Utanisamehe mwandiko.

Unajua kazi yangu, lakini sijawahi kukueleza vizuri. Nilipoajiriwa na mradi wa zahanati mwaka 1990 nilikuwa mchora ramani tu, na rula na kalamu ya wino. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu wa Kizungu na kompyuta, akakaa nasi miezi minne. Alitufundisha programu moja ya ajabu. Unaiingizia nyumba ambayo haijajengwa: kuta zake, unene wake, uzito wa matofali, bati, madirisha, na hali ya hewa ya mwaka mzima. Yenyewe inakwambia ndani ya chumba kutakuwa na joto kiasi gani saa yoyote unayotaka, hata saa kumi na moja alfajiri ya mwezi wa sita. Wenzangu waliichoka. Mimi nilipendaga sana kukaa nayo, na mzungu alipoondoka nikabaki mimi peke yangu ofisini ninayeijua. Injinia wetu, Bwana Nathanieli Jilala, akawa ananitambulisha kwa wageni kama mtabiri wake.

Kazi kubwa ya kwanza ikawa wodi ya Nyamirembo, kule nyuma ya Butiama, kijijini kwa wakwe zako. Ndani ya wodi hiyo kulikuwa na chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Kule hakuna umeme, na hata hapa mjini kwenye umeme kuna mgao. Jiko la mkaa kwenye chumba cha vichanga ni hatari, hewa yake imeua watu wazima sembuse watoto. Kwa hiyo tukasema chumba kitunzwe joto na kuta zenyewe. Wewe umekulia nyumba ya matofali, unajua. Ukuta ukipigwa jua mchana kutwa, jioni ukiuegemea bado unakupasha mgongo. Tofali linameza joto polepole na kulitema polepole. Tukakizungushia chumba hicho kuta nene za ndani za matofali ya kuchoma, upande mmoja kikapakana na chumba cha kuchemshia vyombo, upande wa pili na stoo. Jiko la kuni la kuchemshia likiwaka mchana, ukuta uliokuwa katikati ungeshiba joto na kuwagawia watoto alfajiri.

Niliingiza kuta zote kwenye kompyuta, nikakaa siku mbili nasubiri umeme, nikapata jibu: alfajiri ya baridi kuliko zote chumba hakitashuka chini ya nyuzi ishirini na nne. Injinia alifurahi. Bei ya bodi za dari ilikuwa imepanda vibaya, na akauliza kama tukiiondoa dari itakuwaje. Nikaiondoa kwenye programu. Jibu likashuka nyuzi moja tu. Basi dari ikafutwa kwenye ramani, kwa neno langu. Watoto wakabaki na bati juu, na kuta pembeni.

Sasa sikiliza kosa lilipokuwa. Ukuta unaosimama kati ya vyumba viwili ni ukuta mmoja wenye nyuso mbili. Joto la huku na joto la kule vinagawana tofali lile lile, kila chumba kina haki ya nusu yake. Mimi nilipokuwa naandika chumba cha watoto niliuandika ukuta wote, inchi tisa. Nikaja kwenye chumba cha kuchemshia, nikauandika tena wote, inchi tisa. Nikafanya vivyo hivyo kwa ule wa stoo. Kompyuta haina macho, kaka. Iliamini kwamba kuna kuta mbili nene zimesimama bega kwa bega, ikawapa watoto joto la matofali ambayo hayapo duniani.

Wodi ilifunguliwa Aprili. Wakubwa walikata utepe, mkanda wa video ukapigwa. Mimi mwenyewe niliandika karatasi ya maelekezo, nikaichapa kwa mashine na kuibandika ukutani kwa gundi: chumba hiki hubaki na joto la kutosha usiku kucha bila moto, ni marufuku kuingiza jiko la mkaa. Chini yake nikaweka jina langu. Nilijivuna na lile jina.

Mei, Marieta alikuja kwangu Nyasho na samaki wa kukaanga kutoka kwa mama. Tumbo lilikuwa kubwa kuliko miezi yake, na hospitali hapa walikuwa wamemwambia ni mapacha. Aliniuliza ajifungulie wapi, abaki mjini au aende kwa mama yake Nyamirembo. Nilimwambia aende kwao. Nilimwambia watoto wakija mapema, hakuna chumba kizuri kuliko kile katika mkoa mzima. Alicheka, akasema basi watakuwa wanalala kwenye nyumba ya shangazi yao.

Walikuja mapema. Ilikuwa Jumatatu tarehe 28 Juni, wakati yeye alihesabu Septemba. Wa kwanza mvulana, kilo moja na nusu. Wa pili msichana, alimzidi kidogo. Nesi wa zamu anaitwa Penina, mwanamke wa makamo, mwenye mkono mwepesi, na mimi namshuhudia mbele ya Mungu kwamba hakuacha kitu. Aliwafunga pamba, akawavika kofia, akawalaza kwenye vitanda vyao katika chumba changu. Aliniambia baadaye kuwa usiku ule alisikia baridi, akafikiri ni yeye anaingiwa na malaria, kwa sababu karatasi ukutani ilisema chumba kina joto. Kipimajoto cha chumba kilikuwa hakijaletwa bado. Alikuwa na jiko la mkaa nje kwenye baraza. Alilitazama, akaitazama karatasi, akaliacha hukohuko.

Msichana alikuwa analia. Kwa sababu ya kulia kwake, mama mkwe wako alimtoa kitandani na kumwingiza ndani ya gauni lake, kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika kanga mbili na blanketi, akalala naye ameketi. Alifanya hivyo siku zote tatu. Mvulana hakuwa analia. Alitulia. Wote walimsifu, kaka, walisema huyu ana adabu kama baba yake. Nesi Penina ndiye aliyeniambia kwamba kichanga kikipatwa na baridi hakipigi kelele, kinanyamaza kutunza nguvu.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 1 Julai, Penina alimgusa nyayo akakuta za baridi kama jiwe. Alimchukua mbio, akamweka kifuani kwake, akaita maji ya moto. Alipoona hapandi joto, akambatiza. Alimwuliza Marieta jina. Marieta alikuwa hajapanga, akataja la kwanza lililomjia mdomoni, lako. Kwa hiyo aliyezikwa pale Nyamirembo anaitwa Kasmiri. Baba aliona tusikuandikie hilo ukiwa shimoni peke yako. Mimi naona una haki nalo.

Habari zilinifikia Ijumaa mchana ofisini. Jumamosi nilipanda gari la Butiama, na kipimajoto cha ofisi kikiwa kwenye mkoba. Nilikuta mazishi yamekwisha. Marieta alikuwa bado wodini na Getruda, na Getruda alikuwa bado anaingizwa kwenye chumba kile mchana, akisubiri bibi yake amalize kupika. Nikamwomba Penina aniruhusu nilale kwenye benchi ndani ya chumba. Sikulala. Niliinuka kila saa kutazama kipimajoto kwa tochi, na kila nikitazama zebaki ilikuwa imeshuka. Bati lilikuwa linalia juu, tik, tik, linapopoa. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha kuchemshia. Saa nne usiku ulikuwa vuguvugu. Saa nane ulikuwa umemaliza kila kitu ulichokuwa nacho. Saa kumi na moja alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na nane na nusu. Niliogopa kutoka nje ya mlango ule, maana nje walikuwa wamelala watu walioniamini.

Penina alipoingia nilimwonyesha kipimajoto. Alikisoma, akanitazama, akaitazama karatasi ukutani na jina langu chini yake. Hakunifokea. Aliibandua kwa kucha, ikachanika vipande kwa sababu ya gundi, na alipomaliza akasema, "Hapa haingii mtoto tena." Tangu siku hiyo njiti wote wa Nyamirembo wanabebwa kifuani na mama zao, zamu kwa zamu na bibi na shangazi, na hajafa mwingine.

Nilirudi Musoma, nikaandika ripoti kwenda ofisi ya mkoa na kwa wafadhili, bila kupitia kwa Injinia. Tarehe 19 Julai nikapewa barua ya kusimamishwa kazi. Niliwaeleza baba na mama kwamba nilikosea hesabu za ukuta, na kwamba niligundua kosa siku ile nilipopima. Baba akasema anayefanya kazi ndiye anayekosea. Mama alilia akasema Mungu anajua sikutaka.

Laiti ingekuwa hivyo walivyosikia. Kaka, kaa chini kama umesimama. Sikugundua siku ile niliyopima.

Niligundua Alhamisi tarehe 17 Juni. Siku kumi na moja kabla wanao hawajazaliwa.

Tulikuwa tunaanza wodi nyingine kama ile, Bunda. Nilikuwa nimetoa kwenye kompyuta idadi ya matofali ya kuta za ndani, nikampelekea fundi Magige, aliyejenga Nyamirembo, ili aanze kuagiza malori. Aliisoma akacheka. Akasema, "Dada Dafroza, hayo ni matofali ya wodi mbili. Kule Nyamirembo nililaza nusu ya hayo na mengine yakabaki." Yeye aliona ni mzaha. Mimi nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya ziwa ndani ya nguo. Nilirudi mezani, nikatafuta ukuta mmoja mmoja, nikaukuta kila mmoja mara mbili. Nikafuta, nikaandika nusu. Umeme ukakatika kabla ya jibu. Nililala na hofu hiyo. Ijumaa asubuhi, umeme uliporudi, niliianzisha kompyuta upya, na jibu likatokea kwenye kioo: nyuzi kumi na tisa.

Nilikwenda kwa Injinia palepale. Nataka uelewe, si mtu mbaya. Ana watoto saba, na wiki ile ile ilikuwa imetoka orodha ya wizarani ya watu watakaopunguzwa, na kila mtu ofisini alikuwa anatembea kama anakanyaga mayai. Alifunga mlango. Aliuliza kama nimemwambia mtu. Nikasema hapana. Akasema kompyuta ni kompyuta tu, watoto wanafunikwa blanketi, zahanati haijalalamika hata mara moja. Akasema Nyamirembo ikionekana imeharibika, wafadhili watafunga mkoba na Bunda haitajengwa, na akina mama wa Bunda wataendelea kuzalia sakafuni, hilo nalitaka? Akasema tutaweka dari kimyakimya bajeti ya mwaka ujao ikija. Halafu akatoa fomu ya tathmini ya wodi, iliyokuwa inasubiriwa na wafadhili ili watoe idhini ya Bunda. Iliandikwa: chumba cha watoto kinafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Palikuwa na nafasi ya jina la mtaalamu wa hesabu za joto.

Niliogopa, kaka. Niliogopa jina langu kwenye orodha. Niliogopa kurudi Majita kupara samaki baada ya mama kuuza ng'ombe nikasome. Niliogopa watu watasema ndiyo maana kazi hizi hawapewi wanawake. Nilihesabu kwa vidole miezi ya Marieta, nikajiambia Septemba iko mbali, baridi itakuwa imekwisha, na kabla ya hapo nitakuwa nimepata njia.

Nikasaini.

Jioni ile nilipofika nyumbani dhamiri haikuniacha. Nilichukua karatasi nikamwandikia Penina mistari mitatu. Nilimwambia asiiamini ile karatasi ya ukutani, chumba kina baridi alfajiri, awabebe watoto kifuani. Nikaweka kwenye bahasha nikaandika jina lake. Jumatatu asubuhi gari la Butiama lilikuwa stendi, dereva ninamjua, ningempa tu mkononi. Nikasimama pale na bahasha. Nikafikiri, ikionekana barua hii na ikaonekana fomu niliyosaini Ijumaa, nitafungwa. Gari likaondoka. Jumanne nikapita tena. Jumatano sikupita. Siku ile habari za msiba ziliponifikia ofisini, nilifungua mkoba kutafuta leso, na bahasha ikatoka nayo, ikaanguka mbele ya watu. Niliikanyaga ili wasione jina.

Hilo ndilo sikulisema kwenye ripoti. Ripoti ile inasema nilikosea. Haisemi kwamba nilijua. Kukosea hesabu naweza kuomba msamaha wake mbele ya yeyote. Lakini kwa karibu wiki mbili mwanao alikuwa na nafasi ya kuishi iliyokuwa imelala ndani ya mkoba wangu, na niliitembeza stendi na kuirudisha nyumbani.

Penina anasema mtoto wa kilo moja na nusu anaweza kufa hata kwenye chumba cha joto. Anasema hivyo kunionea huruma, na huenda ni kweli. Nimeshikilia maneno hayo siku nyingine kama mtu anayezama anavyoshikilia majani. Halafu namkumbuka Getruda kifuani kwa bibi yake, tumbo moja, siku moja, na maneno yale yananiponyoka.

Juzi Jumamosi nilikwenda Nyamirembo nikamwambia Marieta. Nilimkuta anamwogesha mtoto kwenye beseni. Alinipa nimshike amkaushe, nami nikaanza kusema nikiwa nimemshika. Nilisema yote, fomu, bahasha, stendi, mpaka Jumatano. Nilipomaliza alinyoosha mikono, akamchukua mwanawe, akamfunga kanga akiwa amenipa mgongo. Kisha akasema, "Mwandikie mwenyewe. Mimi sitakusemea." Akaingia ndani. Nilikaa uani mpaka gari la mwisho, hakutoka, na mama yake hakuja kuniaga.

Kwa hiyo nimekuandikia mwenyewe.

Chumba kile sasa kina dari. Si ya mradi. Fundi Magige alikusanya vijana wa kijiji, wakasuka mikeka ya mafunjo, wakaitandika juu ya fito na kuisiliba udongo, na nilipima alfajiri tatu mfululizo, haikushuka chini ya ishirini na mbili. Hata hivyo Penina hakubali. Anasema vifua vya mama havina kosa la hesabu.

Nimeitwa mbele ya kamati hapa Musoma tarehe 23. Injinia alinitumia mtu jana, anasema nikishikilia kwamba ni kosa la programu, sote wawili tutapona, na kazi yangu itarudi. Nimefikiri sana juu ya hilo, sikufichi, mwanadamu ni mwanadamu. Lakini nitaipeleka ile bahasha pamoja na nakala ya barua hii. Nikifungwa nitafungwa. Kila gari la serikali likipunguza mwendo hapa Nyasho nachungulia dirishani; nimekonda, nguo zinanivuka. Na hata hivyo, gereza siliogopi kama ninavyokuogopa wewe. Sijawahi kukuogopa maisha yangu yote. Ulinibeba mgongoni kuvuka mto Suguti nikienda mtihani wa darasa la saba, na hukuwahi hata kunikemea. Sasa mabasi ya Mwanza yakiingia stendi natazama wanaoshuka, na sijui nataka uwemo au usiwemo.

Sikuombi unisamehe kwa barua ya kurudi. Ukitaka kunijibu, andika kwa anwani ya baba, kwa kuwa mwisho wa mwezi nahama chumba hiki. Ukitaka kuja, baba hajui haya yote bado, nitamwambia kesho nikifika Majita, kabla hujafika wewe. Sitakwenda mbali. Utanikuta.

Baba na mama wanakusalimu, wanasema ukipata mtu anayekuja umtume na dawa ya mguu ya yule Mhindi wa Geita. Fundi Magige anakusalimu na anakupa pole. Nesi Penina hakujui, lakini anakupa pole. Getruda ameanza kufuata sauti kwa macho.

Marieta hajanipa salamu za kukuletea. Amesema za kwake utazipokea ukifika.

Ni mimi mdogo wako,

Dafroza Bernado